Mzee Asiachwe Kitini: Mazoezi ni Tiba ya Sonona

Mzee aliyekuwa hakosi mwaloni Kibirizi alfajiri, mitumbwi ya dagaa inapoingia, sasa anashinda ndani. Chakula anakionja tu, usiku halali, na akiulizwa anasema viungo vinauma au kwamba amekuwa mzigo. Ndugu wanasema ni uzee. Jirani anasema karogwa. Hali hiyo ikifika wiki mbili, huenda ni sonona, na sonona inatibika.

Kigoma na Ujiji tuna heshima moja inayowadhuru wazee wetu: "Pumzika, mzee." Tunampokonya jembe, ndoo, hata safari ya sokoni. Mwili usioshughulika hukosa usingizi na hamu ya kula, na asiye na wa kuzungumza naye hubaki na mawazo yake tu.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza matokeo ya utafiti wa watu 156 wenye sonona, wa miaka 50 na zaidi. Wengine walipewa dawa, wengine mazoezi mara tatu kwa wiki, wengine vyote viwili. Waliotumia dawa waliwahi kupata nafuu, lakini baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikaribiana.

Basi msimwambie "katembee". Tembeeni naye. Asubuhi kabla jua halijawa kali, au baada ya alasiri, mfuateni chini ya miembe ya Ujiji kwa mwendo unaompandisha pumzi kidogo, huku bado anaweza kupiga soga. Aanze na dakika kumi, mpaka afikie 30, siku tano kwa wiki. Avae viatu vinavyoshika mguu, maana malapa humchomoka mchangani. Mpando wa kutoka stesheni kwenda Mwanga usubiri miguu ipate nguvu.

Mvua ikinyesha, aketi kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, asimame na kuketi polepole mara kumi, akishika meza ikibidi. Kugeuza dagaa wanaoanikwa na kupalilia mchicha nako ni mazoezi, tena kunamrudisha kati ya watu.

Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua amwone mtabibu kwanza. Dawa za sonona zisiachwe bila ushauri wake. Na mzee akitamka kwamba afadhali afe, msimwache peke yake hata kidogo: mpelekeni siku hiyohiyo kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Maweni.