Mtoto Yuko Darasani, Lakini Je, Anasoma?

Somo letu safari hii linahusu shule ndogo ya msingi, ile ya karibu na kanisa, yenye vyumba sita au saba, tangi moja la maji, na walimu ambao ukiwahesabu kwa vidole huendi mbali. Shule kama hizi ziko katika kila kaunti. Wengi wetu tulisoma humo, na sasa watoto na wajukuu wetu wako humo. Someni makala haya kikundini, halafu mfanye kazi iliyo mwishoni.

Mnamo Januari 2003 serikali ilifuta karo katika shule za msingi za umma, na watoto wakafurika madarasani. Mwaka uliofuata, 2004, Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo kule Eldoret. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake wa miaka sita. Moja ya sababu alizotoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Hebu tuangalie hapo. Mzee yule hakwenda shule ili jina lake liwe kwenye rejista. Alikwenda kutafuta kitu fulani, na alijua ni kitu gani.

Sisi wazazi mara nyingi tunaangalia rejista. Mtoto ana sare, ana begi, ameondoka asubuhi na amerudi jioni, basi tunasema anasoma. Kuanzia mwaka wa 2009 shirika la Uwezo lilituma watu wa kujitolea vijijini kupima watoto nyumba kwa nyumba. Mtindo huo ulitoka India, ambako shirika la Pratham lilianza upimaji kama huo mwaka wa 2005. Mtoto alipewa karatasi yenye herufi, maneno, aya fupi, na mwisho hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti za kwanza za Uwezo hapa Kenya zilirudia jambo lile lile: katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, karibu saba hawakuweza kazi ya darasa la pili. Watoto hao walikuwa shuleni, na wengine hawakuwa wamekosa hata siku moja.

Tangu wakati huo kumekuwa na juhudi kubwa, kama mpango wa Tusome ulioanza darasa la kwanza mwaka wa 2015. Lakini mtoto asiyejua kusoma bado yupo, na huenda yuko kwako nyumbani.

Jinsi mtoto anavyojificha

Mtoto asiyejua kusoma si mjinga hata kidogo. Ni hodari wa kujificha. Mwalimu akisoma sentensi na darasa zima likaitikia, yeye anafungua mdomo pamoja na wengine, nusu ya pumzi nyuma yao, na sauti yake inazama katika sauti za wenzake. Kitabu kikiwa na picha ya ng'ombe, anasema "ng'ombe". Ukurasa uliosomwa mara kumi ameukariri kama wimbo, na ukimwomba akusomee atakusomea bila kukosea hata neno moja, nawe utafurahi na kumpa mandazi.

Sasa fanya hivi. Funika picha kwa mkono. Weka kidole kwenye neno lililo katikati ya ukurasa, umwulize ni neno gani. Halafu mwambie asome mstari wa mwisho kabla ya ule wa kwanza. Aliyekariri ataanza tena kutoka juu akinong'ona, akitafuta mahali pa kudandia. Anayesoma atasoma, hata kama ni polepole.

Wengine watauliza, na mimi je, ambaye sikusoma, nitampimaje? Swali zuri. Chukua pakiti ya unga au ya chumvi. Mwite mtoto mmoja, umwonyeshe neno moja lililo nyuma ya pakiti, si lile jina kubwa la mbele ambalo hata asiyesoma analijua kwa rangi. Akishataja, mtoe nje. Mwite mtoto wa jirani umwonyeshe neno lile lile. Wakitaja neno moja, wote wawili wanasoma. Wakitofautiana, umejua kuna jambo, na hukuhitaji cheti chochote kulijua.

Ila usimpime kwa hasira. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001, na nyumbani nako hakijawahi kumfundisha mtu silabi.

Kazi za darasani zisizohitaji pesa

Katika shule ndogo mwalimu mmoja mara nyingi ana madarasa mawili katika chumba kimoja. Wengi wanaona hii ni bahati mbaya tupu. Ni kazi ngumu, kweli, lakini ina mlango wake. Kwa saa moja kila siku walimu wanaweza kusahau kama huyu ni wa gredi ya pili au ya nne, wakawapanga watoto kwa kile wanachojua: wanaotambua herufi tu wakae pamoja, wanaosoma maneno pamoja, na wanaosoma aya waketi nje chini ya mti na hadithi. Mtoto wa gredi ya nne aliyekwama kwenye herufi hataona haya sana akiona hayuko peke yake. Na baada ya wiki chache akihama kundi, darasa zima linajua amepanda.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishika silabi, ameshika ufunguo. Kata katoni ya sabuni iwe kadi, uandike silabi moja kwenye kila kadi kwa mkaa au kalamu nene. Chukua nne tu: ka, ta, ma, li. Waambie watoto wawili wawili watafute maneno. Watapata kata, taka, kama, kali, mali, lima, na mmoja mjanja atapiga kelele, "Makali!" Kadi nne, maneno saba, na hakuna aliyeitikia baada ya mwalimu. Wakizoea, ongeza kadi mbili. Usiwape silabi zote kwa mara moja, watachanganyikiwa na kurudi kwenye kukariri.

Baadaye leta zile zenye matata. Ng'ombe na ngoma ziandikwe juu na chini ili watoto waone kazi ya ile alama ndogo. Dhahabu na thamani vivyo hivyo. Hapa mwalimu ajue lugha ya nyumbani ya watoto wake. Mtoto wa Kikuyu atachanganya l na r kwa sababu lugha yake haina l. Mjaluo atasema "samba" akimaanisha shamba, kwa kuwa lugha yake haina sh. Mkalenjin atayumba kati ya p na b. Hayo si makosa ya akili, ni masikio yaliyozoea nyumbani. Ukimcheka, kesho hatasoma kwa sauti, na asiposoma kwa sauti hutajua alipokwama.

Na kuhusu lugha, kuna ubishi ambao haujaisha. Sera ya nchi yetu, tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Wazazi wengi hawataki kusikia hivyo. Utasikia mzazi akimwambia mwalimu:

"Mwalimu, mtoto wangu sikumleta hapa kujifunza Kikamba. Kikamba anacho."

"Ni kweli, mama. Ndiyo maana naanza nacho. Nikimwuliza kitu kwa lugha asiyoijua, sitajua kama hajui jibu au hajui swali."

Mimi niko upande wa mwalimu. Mtoto asimulie kwa lugha ya mama jinsi mbuzi alivyoingia kwenye shamba la jirani. Mwalimu aandike sentensi tatu ubaoni kwa maneno ya mtoto mwenyewe, na darasa lizisome. Kesho yake waziandike kwa Kiswahili. Hadithi ni yao, kwa hiyo maana wanaijua tayari, na kilichobaki ni kutambua maandishi tu.

Wazazi waitwe kwa kazi, si kwa michango tu

Mtaala wa umilisi ulipoanza kote nchini mwaka wa 2019 katika gredi za chini, wazazi walianza kuombwa vitu. Leo leta picha iliyochapishwa, kesho leta karatasi za rangi, keshokutwa leta mwanasesere. Malalamiko yalikuwa mengi, na kusema ukweli yalikuwa ya haki. Mama anayeishi kwa kuuza sukuma wiki hawezi kupanda bodaboda hadi mjini kuchapisha picha ya mamba. Lakini ndani ya mtaala ule mna jambo jema: mzazi anatambuliwa kuwa sehemu ya masomo. Shule iombe kilicho kijijini. Vifuniko vya soda vya kuhesabia, mbegu za maharagwe, magunia ya kukalia, kamba ya kupimia uwanja.

Na iombe watu pia. Nyanya anayejua vitendawili akija Ijumaa kwa nusu saa, watoto watamsikiliza kuliko redio. Fundi wa nyumba anaweza kuonyesha gredi ya tano jinsi anavyopata pembe mraba kwa kamba yenye mafundo, tatu, nne na tano. Mama muuza mboga anaweza kuendesha duka la darasani, awafundishe kurudisha chenji. Hawa hawataki malipo, ila waitwe kwa heshima na wapewe kiti.

Kuna jambo la vitabu. Kuanzia mwaka wa 2018 serikali ilianza kupeleka vitabu moja kwa moja shuleni, lengo likiwa kila mtoto awe na chake kwa kila somo. Shule nyingine huvifungia ofisini kwa kuogopa vitapotea. Inaeleweka, kwa sababu mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa. Lakini kitabu kilichochakaa kimefanya kazi, na kilicho kipya baada ya miaka mitatu hakijafanya. Wazazi wavifunike kwa magazeti au karatasi za kaki, waweke sahihi au alama ya kidole, na watoto waende navyo nyumbani.

Upande wa kanisa

Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, halmashauri ya shule yenye mdhamini ina wawakilishi sita wa wazazi na watatu wa mdhamini, pamoja na wengine. Watatu hao ni watu wetu. Wanazungumza nini wakikaa? Lango, rangi ya ukuta, mabati, na nani atakuwa mgeni wa heshima. Ni mara chache swali hili kuwekwa mezani: katika watoto wa gredi ya tatu, ni wangapi wanaosoma aya moja bila kusaidiwa? Liwekwe kwenye ajenda kila muhula. Lakini isiwe njia ya kumwaibisha mwalimu, maana akiona hivyo atawafundisha wale kumi walio hodari na kuwaacha wengine. Aulizwe anahitaji nini.

Kanisa lina benchi zisizokaliwa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na lina vijana waliomaliza sekondari wanaongoja kuitwa chuo. Saa mbili Jumamosi asubuhi, kadi za katoni na sanduku la vitabu, tayari ni darasa la kusoma. Vijana wawe wawili au zaidi kila wakati, na milango iwe wazi. Sheria ile ile inamtaka mdhamini aheshimu dini na madhehebu ya watoto wengine, kwa hiyo mlango usiwe na masharti. Mtoto wa Kiislamu, wa kanisa lile lingine, na wa yule ambaye haendi popote, wote waje, na saa hiyo iwe ya kusoma, si ya kuwavuta wabadili dini.

Kazi ya kikundi

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanakikundi apime watoto wawili, mmoja wake na mmoja wa jirani, kwa njia ya kufunika picha au ya pakiti. Asiandike majina, aandike gredi na alipofika tu: herufi, neno, aya au hadithi. Mkikutana, hesabuni wangapi wamekwama wapi. Jadilianeni pia haya: Ni nani kijijini ana ujuzi ambao shule haijawahi kuuomba? Vitabu vya shule yetu viko wapi saa hii, mikononi mwa watoto au kabatini? Je, sisi wenyewe tuko watu wazima wangapi hapa tungependa kukaa benchi la nyuma Jumamosi pamoja na watoto? Mchagueni mmoja apeleke hesabu yenu kwa mwalimu mkuu, na aende na kadi za kwanza zikiwa zimeshakatwa.