SOMO: SAA MBILI ZA MTOTO KILA JIONI

Ndugu wanakikundi, mtihani wa KCSE haujui nani alichota maji na nani alipumzika. Anayetaka kuingia digrii moja kwa moja lazima apate angalau C+. Na chuo hakiko mbali: Chuo Kikuu cha Pwani, hapo Kilifi, kilipewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013.

Kukesha wiki ya mwisho hakusaidii. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto asome nusu saa, afunge kitabu, aandike anachokumbuka, kisha afungue ajisahihishe. Hapo ndipo atajua asichojua. Jumamosi ajaribu karatasi ya zamani, kwa muda uleule wa mtihani.

Chuoni hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Mkopo wa HELB ukiingia, kijana anaupanga mwenyewe: kodi, chakula, vitabu. Na ni deni, atalilipa. Aliyezoea ratiba nyumbani hayumbi kwa urahisi.

TUJADILIANE
1. Wasichana wetu wanazo hizo saa mbili, ama ni za kuni na maji?
2. Ni nyumba gani ina taa na meza, watoto wasomee pamoja?
3. Nani atawasimamia, kuanzia jioni ya leo?