Ukienda CTC, kliniki ya VVU, pima na presha

Aliyeanza ARV mapema na anayezimeza bila kuruka anaweza kuishi miaka mingi sawa na jirani yake asiye na VVU. Lakini uzee huja na maradhi yake, na kwa anayeishi na VVU hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi ni takriban mara moja na nusu hadi mbili ya ile ya wengine.

Hata virusi visipoonekana kwenye kipimo, vingine hubaki vimejificha mwilini. Kinga hukaa vitani muda wote, na vita hivyo visivyo na maumivu huchubua kuta za mishipa ya damu, mafuta yakapata pa kuganda. Ongeza sigara, presha, kisukari au kitambi, mambo huharibika upesi zaidi.

Wapo wanaosikia hivi wakadhani dawa ndizo zinazoua moyo. Utafiti wa SMART, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kinyume: waliosimamisha ARV kwa vipindi walikufa zaidi na kupata maradhi ya moyo zaidi kuliko waliomeza mfululizo. Ni kweli lopinavir hupandisha mafuta kwenye damu, abacavir imehusishwa na mshtuko wa moyo, na dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha TLD, huwanenepesha baadhi ya watu, hasa wanawake. Hayo mwambie daktari wako. Usiache dawa wala kujibadilishia.

Siku ya kliniki usiridhike na kuchukua dawa na kuondoka. Omba kupimwa presha, na ulizia sukari na mafuta kwenye damu. Presha ikisoma 140/90 au zaidi siku tofauti, anza kuitibu hata kama hujisikii vibaya.

Kuna tabia moja inayotia wasiwasi: mtu anachukua ARV kituo kimoja, presha na sukari anatibiwa kwingine, na huko anaficha hali yake. Aibu naielewa, ila dawa hazijui aibu. Dolutegravir huongeza metformin, dawa ya sukari, kwenye damu, kwa hiyo dozi yake huenda ikahitaji kupunguzwa. Simvastatin, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, haitumiki kabisa pamoja na lopinavir. Beba makopo yako yote, daktari ayaone.

Ukiwa na miaka 40 au zaidi, ulizia pia statini, kundi la dawa za kushusha mafuta kwenye damu. Utafiti wa REPRIEVE, uliohusisha nchi 12 ikiwemo Uganda, ulionyesha mwaka 2023 kuwa pitavastatin, mojawapo ya statini, ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35.

Nyumbani, chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na iliyomo kwenye chipsi. Tembea kwa miguu. Sigara iache.

Kifua kikibana, pumzi ikikata, mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na ukifika sema unatumia ARV.