Fritz Pollard na mulango uliofungwa mara mbili



Tukisikia neno "mupira", sisi wote tunafikiri mara moja juu ya mupira wa miguu. Lakini katika inchi ya Marekani wako na muchezo mwingine wanaoupenda kuliko huo. Mupira wao ni wa ngozi, wenye ncha mbili, karibu kama yai. Watu ni 11 kila upande. Muchezaji anaweza kushika mupira kwa mikono na kukimbia nao, na adui ana ruhusa ya kumukamata na kumuangusha chini. Ekipe yenye mupira inapewa nafasi 4 ili isogee mbele metre 9 hivi. Ikishindwa, mupira unakwenda kwa wengine. Anayefikisha mupira nyuma ya mustari wa mwisho anapata pointi 6.

Leo tujifunze maisha ya mutu mumoja aliyecheza mupira huo kwa mushahara. Jina lake ni Fritz Pollard.

1. Utoto na masomo

Alizaliwa tarehe 27 Januari 1894 katika muji wa Chicago. Baba yake alikuwa kinyozi, mama yake mushonaji wa nguo. Ni mutoto wa saba kati ya watoto 8. Wazazi walimupa jina la Frederick Douglass, yule mutu mweusi aliyetoroka utumwa na kupigania uhuru wa wenzake. Lakini katika mutaa wao kulikuwa majirani wa asili ya Kijerumani, nao wakamwita "Fritz". Jina hilo likamushika mpaka kufa.

Mwaka 1915 aliingia chuo kikuu cha Brown. Hakuwa mutu mukubwa: urefu wake metre 1,75, uzito karibu kilo 75. Walakini alikuwa mwepesi kupita wote. Tarehe 1 Januari 1916 alicheza katika Rose Bowl kule California, mutu mweusi wa kwanza kuingia katika mashindano yale. Brown walipigwa 14 kwa 0. Lakini mwaka ule ule wa 1916 waliwashinda Yale na Harvard, ekipe mbili zenye sifa kubwa, na Pollard akahesabiwa kati ya wachezaji bora wa inchi nzima.

Hapa tusifiche kitu. Sifa za mupira zilimuvuta, masomo yakabaki nyuma, mpaka akakosa ruhusa ya kuchezea chuo. Alitoka Brown bila diploma.

2. Kazi ya mupira

Mwaka 1919 alikwenda Akron, katika jimbo la Ohio, muji wa viwanda vya mapine ya motokari. Huko alicheza kwa mushahara katika ekipe ya Akron Pros. Watu walikuja kumutazama, lakini wengine walimutukana tangu mwanzo mpaka mwisho. Yeye mwenyewe alisimulia nyuma ya miaka mingi kama hakuweza kuvaa nguo za muchezo pamoja na wenzake. Alivalia mahali pa biashara ya sigara ya Frank Nied, mumoja wa wenye ekipe, kiisha motokari ikaja kumuchukua.

Uwanjani, alipoangushwa, maadui walitaka kumurukia wote pamoja ili wamuvunje. Basi aligeuka haraka, mugongo chini, miguu juu, na viatu vyenye meno vikiwaelekea. Hawakumurukia tena ovyo!

Tarehe 17 Septemba 1920, wenye ekipe walikutana katika muji wa Canton, ndani ya duka la motokari, wakaunda ligi. Ndiyo ligi iliyopewa jina la NFL mwaka 1922. Mwaka ule wa kwanza Akron walishinda mara 8, wakatoka sawasawa mara 3, hawakupigwa hata mara moja. Wakapewa kombe. Mwaka 1921 Pollard alikuwa muchezaji na pia mwalimu wa ekipe, pamoja na mwenzake Elgie Tobin. Hivi akawa mwalimu mukubwa wa kwanza mweusi katika ligi hiyo, akiwaongoza wachezaji wazungu.

3. Mulango unafungwa

Mwaka 1926 kazi yake katika NFL ilikwisha. Wachezaji wengine weusi waliobaki walikuwa wachache, na tangu 1934 mpaka 1945 hakukuwa hata mumoja. Hakukuwa sheria iliyoandikwa. Wenye ekipe waliacha tu kuwaita. Pollard hakukaa kulia. Aliunda ekipe ya weusi kule Chicago, kisha akawa mwalimu wa Brown Bombers, ekipe ya Harlem, tangu 1935 mpaka 1937.

Mulango ulifunguliwa tena kwa wachezaji mwaka 1946. Lakini kwa walimu uliendelea kufungwa. Mwalimu mukubwa mweusi aliyefuata, Art Shell, alichaguliwa mwaka 1989. Pollard alikuwa amekufa tarehe 11 Mei 1986, akiwa na miaka 92. Aliingizwa katika nyumba ya heshima ya mupira huo, kule Canton, mwaka 2005.

4. Tujifunze nini?

Kwanza: mulango usio na kufuli unaweza kufungwa vilevile. Sisi tunapochagua ekipe ya kalasi, au watu wa kukaa nasi mezani, tujiulize: ni nani tusiyemwita kamwe? Na ni kwa sababu gani?

Pili: miguu myepesi haitoshi. Brown walimupa Pollard diploma ya heshima ya dokta mwaka 1981, akiwa na miaka 87. Wengi wetu hatutangojewa hivyo. Tushike masomo sasa.

Tatu: aliyefungua njia si lazima aone mwisho wake. Alitumika tu.

Maulizo

1. Kwa nini Pollard alivalia nguo mbali na wenzake?
2. Tangu 1921 mpaka 1989 ni miaka mingapi?
3. Sheria iliyoandikwa na desturi isiyoandikwa: ni ipi ngumu zaidi kupigana nayo? Eleza kwa mustari 5.