Gesi ya Kukinga Kiungo: Kwa Nini Ni Ghali?

Mtu anayechomelea vyuma nyumbani, kwa kujifunza au kwa kujifurahisha, hutambua upesi kwamba mashine hununuliwa mara moja, lakini gesi hununuliwa tena na tena. Jambo hili hushangaza, kwa kuwa arigoni, gesi inayotumika sana katika kazi hiyo, imo katika hewa inayovutwa na kila mtu. Makala haya yanaeleza bei hiyo inatokana na nini, na sehemu gani yake inaweza kupunguzwa kwa maarifa ya darasani.

Kazi ya gesi

Umeme unaporuka kutoka ncha ya waya hadi kwenye chuma, joto lake huyeyusha chuma mara moja. Chuma kilichoyeyuka huingiliana kwa urahisi na hewa. Oksijeni hukiunguza; nitrojeni huyeyuka ndani yake, kisha hutoka kinapoganda na kuacha vitundu. Kiungo chenye vitundu ni dhaifu. Kwa hiyo gesi nyingine hupulizwa mahali hapo ili kuisukuma hewa kando.

Si kila namna ya kuchomelea inayohitaji mtungi. Vijiti vya kuchomelea vinavyotumiwa na mafundi wengi vimepakwa dawa ambayo, ikiungua, hutoa gesi ya kukinga na kuacha ganda juu ya kiungo. Kwa kazi nyingi za chuma cha kawaida, njia hiyo inatosha.

Chanzo cha bei

Arigoni iligunduliwa mwaka 1894 na Lord Rayleigh na William Ramsay, wakaipa jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya “mvivu”, kwa sababu haiungani na kitu. Katika lita 100 za hewa imo takriban lita 1 tu. Ili kuipata, hewa hupozwa hadi iwe kimiminika, kisha hutenganishwa kwa kukeneka. Nitrojeni huchemka kwenye nyuzi -196 za Sentigredi, arigoni -186, na oksijeni -183. Tofauti ya nyuzi 3 ni ndogo mno. Kwa hiyo minara mirefu na umeme mwingi huhitajika.

Kaboni dayoksaidi ni rahisi zaidi kupatikana. Hutokana na uchachushaji na utengenezaji wa amonia, na mahali pengine hutoka ardhini, kama huko Kereita nchini Kenya na Rungwe nchini Tanzania. Hata hivyo, katika joto la kuchomelea gesi hii hupasuka na kutoa oksijeni. Chuma cha kawaida huvumilia, maana waya wake huwa na manganizi na silikoni za kuiondoa oksijeni hiyo. Alumini haivumilii, na huhitaji arigoni tupu.

Mteja mdogo hulipia pia mtungi, usafirishaji na upimaji wa usalama. Gharama hizo hazipungui sana mtungi unapokuwa mdogo. Ndiyo maana lita moja ya gesi katika mtungi mdogo huwa ghali kuliko katika mtungi mkubwa.

Hesabu ya mtungi

Mtungi wa lita 10 uliojazwa arigoni kwa kanieneo mara 150 ya ile ya angahewa una takriban lita 1,500 za gesi. Mtiririko ukiwa lita 10 kwa dakika, gesi itatosha dakika 150. Ukiwa lita 20, dakika 75. Kuzidisha mtiririko si kuzidisha kinga. Gesi ikitoka kwa kasi kubwa hufanya misukosuko na kuivuta hewa ndani, na vitundu hurudi.

Kaboni dayoksaidi hukaa mtungini kama kimiminika. Kwa hiyo geji huonyesha kanieneo karibu ileile, mradi joto halibadiliki, hadi kimiminika kiishe, kisha hushuka ghafla. Kiasi kilichobaki hujulikana kwa mizani: kilo 1 hutoa takriban lita 540.

Uvujaji nao hula fedha. Povu la sabuni likipakwa kwenye maungio litaonyesha mahali gesi inapotoka, na valvu ya mtungi yafaa kufungwa kila baada ya kazi.

Tahadhari

Upepo hupeperusha gesi, na wengine hufunga milango na madirisha ili wasiipoteze. Huo ni uwekaji akiba wa hatari. Arigoni na kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa. Hujaa chini na kuiondoa oksijeni, na arigoni haina harufu ya kumwonya mtu. Afadhali kuweka kizuizi cha upepo karibu na kazi, na chumba kibaki wazi.

Maswali

1. Mtungi wa lita 20 una arigoni kwa kanieneo mara 120 ya angahewa. Utatosha dakika ngapi kwa mtiririko wa lita 12 kwa dakika?
2. Kwa nini geji haitoshi kujua kiasi cha kaboni dayoksaidi kilichobaki?
3. Eleza kwa nini arigoni ni ngumu kutenganishwa na oksijeni kuliko na nitrojeni.