Umealikwa Kutoa Maoni kwa Malipo? Pesa Ije Kwako, Isitoke Kwako

Tuseme ni Jumanne mchana, Lumakanda. Uko kibandani unapanga sukuma wiki, simu inalia. "Hujambo, mama? Tunafanya utafiti kuhusu mafuta ya kupikia. Utaketi na wenzako masaa mawili mzungumze, halafu tutakutumia shilingi elfu moja kwa simu." Unafurahi. Anauliza umri wako, mafuta unayotumia, na kama wewe ndiwe unayenunua vitu vya nyumbani. Unajibu yote vizuri. Kisha anamalizia: "Nafasi ni chache, mama. Tuma mia tatu na hamsini ya usajili tukuwekee kiti."

Somo letu la leo liko kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Mia tatu na hamsini huenda ndiyo pesa ya kununua mzigo wa kesho. Ukiituma na kikao kisiwepo, kesho kibanda kitakuwa nusu tupu.

Hatukuambii ukatae kila simu ya namna hii. Vikao hivi vipo kweli, na watu hulipwa kweli. Tunataka ujue vinavyofanya kazi ili uchukue pesa ya halali na umwachie tapeli simu yake.

Kwa nini mtu akulipe kwa kuongea?

Utafiti wa aina hii huitwa majadiliano ya kikundi. Kwa kawaida watu sita hadi kumi huketi pamoja kwa saa moja hadi mbili. Mtu mmoja huongoza mazungumzo, mwingine huandika au kurekodi sauti. Mnaulizwa kuhusu kitu mnachokitumia: sabuni, majani chai, unga, mbegu ya mahindi, hata huduma za pesa kwa simu kama zetu.

Mbinu hii ina historia. Mwaka 1941, mjini New York, mtafiti Paul Lazarsfeld alimwalika mwenzake Robert Merton aone jinsi alivyowapima wasikilizaji wa redio. Msikilizaji alibonyeza kitufe cha kijani akipenda alichosikia, na chekundu akichukia. Vitufe vilionyesha ni wapi watu walichukia, lakini havikusema kwa nini. Merton akasaidia kujenga njia ya kuketi na wasikilizaji na kuwauliza.

Hiyo "kwa nini" ndiyo kampuni inayolipia mpaka leo. Rekodi za duka zinaweza kuonyesha kwamba watu wa Lugari wameacha kununua pakiti kubwa ya sabuni. Haziwezi kueleza kwamba mama anapendelea ile ndogo kwa sababu pesa huingia kidogo kidogo kila siku. Wewe unaweza. Kwa hiyo wewe ndiwe mwenye bidhaa hapo, na anayeuza bidhaa halipi ili aiuze.

Njia ya pesa ni moja

Shika hili hata ukisahau mengine yote: katika utafiti halali, pesa hutoka kwa mtafiti kuja kwa mshiriki. Hakuna ada ya usajili, ya fomu, ya mafunzo, ya "kufungua akaunti ya malipo" wala ya bima. Mara nyingi malipo hufanywa kikao kikiisha, kwa pesa taslimu au kwa simu. Wengine hulipa kwa krediti ya kupigia simu. GeoPoll, kwa mfano, huuliza maswali kwa meseji na kuwatumia krediti wanaojibu.

Usishawishike kwa sababu tu umetajiwa kampuni kubwa. Ipsos ni kampuni halisi ya utafiti inayofanya kazi Kenya, lakini mtu yeyote anaweza kutamka jina hilo kwenye simu. Kata simu bila ugomvi, tafuta nambari ya ofisi kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kisha upige uulize kama wana kikao upande wenu. Unaweza pia kuangalia kama kampuni ni mwanachama wa MSRA, chama cha watafiti wa soko na jamii nchini Kenya.

Maswali matano kabla ya kusema ndiyo

1. *Mnafanya utafiti wa nini, na wa kampuni gani ya utafiti?* Anaweza kukataa kutaja mwenye sabuni ili asiwaegemeze upande mmoja. Lakini kampuni yake mwenyewe hana sababu ya kuificha.

2. *Tunakutana wapi?* Ukumbi wa kanisa, shule au hoteli inayojulikana ni sawa. Nyumba ya mtu usiyemjua si sawa. Mwambie mtu wa nyumbani unakoenda na utarudi saa ngapi.

3. *Mnalipa kiasi gani, lini, na kwa njia gani?* Akisema "tutaona baadaye," mwambie na wewe utaona baadaye.

4. *Nauli iko ndani ya hiyo pesa au ni kando? Na ya kutolea?* Usione haya kuuliza. Watu wa simu tunajua, elfu moja ukiitoa kwa wakala haibaki elfu moja.

5. *Mtauza kitu hapo?* Utafiti hauuzi. Kanuni za kimataifa za watafiti, zinazosimamiwa na ESOMAR, hutaka utafiti utenganishwe wazi na uuzaji. Ukifika ukaambiwa ununue sufuria au uingize watu watatu chini yako, hapo si utafiti tena.

Na wewe pia jibu kweli. Maswali ya mwanzo ni ya kuchuja watu. Kama hutumii bidhaa hiyo, au ulikaa kwenye kikao kingine juzi, unaweza kuachwa nje, na hilo si kosa lako. Ukidanganya ili uingie, maswali ya ndani yatakuumbua, na utakuwa umechukua kiti cha jirani aliyestahili.

Piga hesabu kabla ya kufunga kibanda

Tuseme umeahidiwa shilingi 1,000. Boda kutoka Mautuma hadi Lumakanda na kurudi ikuchukue 300. Kibanda kikifungwa mchana wote, upoteze faida ya 350. Kinachobaki mkononi ni 350, kabla ya ada ya kutoa. Angalia vizuri: ni kile kile kiasi ulichoombwa kama "usajili." Ungekilipa, hata kikao kingekuwa cha kweli, ungeenda na kurudi bure.

Kikao kikiwa Eldoret au Kakamega mjini, hesabu inabadilika kabisa. Omba nauli iwe kando. Na usiifanye pesa hii kuwa mpango wa karo. Vikao huja mara moja moja, na watafiti wengi hawamrudii mtu yule yule kila mwezi. Ichukue kama pesa ya ziada, si mshahara.

Siku ya malipo: soma salio, usisome meseji tu

Kikao kimeisha, simu imelia. Fanya hivi:

- Fungua menyu ya simu yako mwenyewe uangalie salio. Meseji inaweza kuandikwa na yeyote, lakini salio halidanganyi.
- Tazama meseji imetoka wapi. Ya M-PESA huja kwa jina MPESA. Ikitoka kwa nambari ya kawaida ya simu, ni barua tu, hakuna pesa.
- Ukipigiwa uambiwe, "Tumekosea, tumekutumia elfu tatu, turudishie mbili," usitume chochote kwanza. Angalia salio. Kama pesa haikuingia, umeongea na tapeli. Kama iliingia kweli kwa makosa, mwambie aombe irudishwe kupitia kampuni ya simu. Njia hiyo inamlinda yeye na wewe.
- Nambari ya siri haihitajiki ili upokee pesa. Hakuna mtafiti, wakala wala mfanyakazi wetu anayepaswa kuijua. Ni vivyo hivyo kwa namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji.
- Toa nambari iliyosajiliwa kwa jina lako. Ukitoa ya kijana wako, pesa ni zake kwanza, na mzozo utakuwa wa nyumbani.

Toa maoni, linda kitambulisho

Mtafiti anaweza kukuomba jina, nambari ya simu na sahihi kuonyesha umelipwa. Anaweza hata kuomba nambari ya kitambulisho kwa hesabu zake za ofisini. Muulize ni ya nini na itakaa kwake muda gani. Lakini picha ya kitambulisho mbele na nyuma, pamoja na picha ya uso wako, ni jambo jingine. Vitu hivyo vikifika mikono mibaya vinaweza kusajili laini au kuombea mkopo kwa jina lako. Kwa laini za Safaricom, bonyeza *106# uone ni nambari gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuelezwa data yako inatumiwaje, na haki ya kuondoa ridhaa yako. Ukidhulumiwa, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Tumeona nchini mwetu kinachotokea watu wakiangalia pesa peke yake. Mwaka 2023 Wakenya wengi walipanga foleni Nairobi ili Worldcoin ipige picha mboni za macho yao, kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe. Ule haukuwa utafiti wa soko, lakini funzo linafaa hapa: pesa huisha wiki hiyo hiyo, jicho unabaki nalo maisha yote.

Kama umeshatuma

Usikae kimya kwa aibu. Dakika zina thamani, kwa sababu pesa ikishatolewa ni vigumu kuirudisha. Kwa M-PESA, sambaza mara moja meseji ya muamala kwenda 456 kuomba irudishwe, na uripoti nambari ya tapeli kwa 333. Kwa mitandao mingine, piga huduma kwa wateja. Usifute meseji hata moja, kisha andikisha taarifa polisi.

Halafu waambie wenzako kwenye chama na sokoni. Aliyekupigia wewe saa sita huenda anampigia jirani yako saa saba, kwa maneno yale yale. Ukimwambia mapema, mzigo wake wa kesho utakuwepo kibandani.