Nguruwe kwa matufaha, chakula cha jioni

Majani yanapukutika na matufaha ni rahisi huku Marekani. Chukua chopsi 4 za nguruwe, tia chumvi kidogo, kaanga pande zote hadi ziwe za kahawia, zitoe. Humo humo weka kitunguu 1, matufaha 2 yaliyokatwa na maganda yake na maji nusu kikombe. Rudisha nyama, funika.

Nyumbani tuliikausha kabisa kwa kuogopa tegu, na tulikuwa na haki: mabuu yake yakiingia ubongoni huleta kifafa. Basi usikisie, tumia kipimajoto. Katikati ya nyama, mbali na mfupa, ikifika 145°F (63°C), epua na uiache dakika 3. Uwaridi kidogo usikutishe. Asiyekula nguruwe atumie kuku, 165°F (74°C). Karibuni mezani!